Kidole Kidogo cha Kushoto

"Mtu wa kunidanganya mimi kwa kidole," alisema Jastin, "labda aje bila mikono."

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia paa la shule ya msingi Luhembe. Jastin kavaa kizibao cha rangi ya chungwa kilichoandikwa KARANI mgongoni, na chupa ya wino kaishika kwa mikono miwili kama padri na kalisi. Waliomsikia walikuwa wanne. Mwalimu Ezekiel, msimamizi wa kituo, alikuwa anahesabu kalamu. Afande Luqmani, askari aliyepandishwa kutoka Mkuyuni kulinda usalama, alikuwa anapasha viganja kwenye kikombe cha chai. Na mawakala wawili wa vyama, mmoja mrefu na mmoja mfupi, walikuwa wamekaa benchi moja wakitazama pande tofauti. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Jastin kitu. Lakini Jastin angekuwa mtu wa kungoja kuulizwa, angekuwa bubu, na kwa mjomba wake hawajawahi kuzaa bubu.

Siku hiyo jimbo lilikuwa na uchaguzi mdogo. Mbunge alikuwa amefariki kabla hajafika hata nusu ya muhula, kiti kikabaki wazi, na sasa watu wanaitwa tena kuchagua wa kukikalia. Mjini, ungeuliza pale stendi ya Msamvu, wangekwambia uchaguzi gani tena, si tulishapiga. Luhembe walijua. Marehemu alikuwa ameanza kuwajengea kivuko cha miguu, zikasimama nguzo mbili, na hizo nguzo mbili bado zilikuwa zimesimama, moja huku na moja kule, katikati maji yanajipitia kama kawaida.

Jastin alizaliwa Luhembe, ila kusema anaijua Luhembe ni kama kusema mtu anamjua mkunga wake. Alichukuliwa akiwa na miaka minne, akakulia Msamvu, akaiva hapo stendi kwa maneno. Alipomaliza kidato cha sita alipandishwa kwa mjomba "kupumzisha akili", na ni katika mapumziko hayo ndipo alipojiandikisha kupiga kura huku mlimani, akaomba ukarani, akapata. Katika wafanyakazi wote wa kituo ndiye Mluguru, mtoto wa milima hii, peke yake. Jambo hilo alilitangaza mara mbili kabla ya chai na mara moja baada ya chai.

Kuhusu wino alijiona profesa. Kwenye semina mwalimu wao alitaka mtu mmoja ajitolee apakwe, watu waone usivyotoka kwa sabuni wala ndimu. Vidole vya mkono visingefaa, maana siku ya kura angeonekana ameshapiga. Jastin akavua kiatu akatoa dole gumba la mguu. Siku ya tisa ilikuwa hii, na dole lilikuwa bado jeusi kama kitako cha sufuria. Kwa sababu hiyo alivaa viatu vya kufunika na soksi juu, na hakuna mtu Luhembe aliyelijua jambo hilo.

Kituo kilifunguliwa saa moja. Watu walikuja vizuri, kwa mstari, wengine na nguo za misa. Kazi za Jastin zilikuwa mbili: kukagua vidole vya anayeingia, na kuchovya kidole kidogo cha kushoto cha anayetoka. Zote alizifanya kwa mdomo. Kijana mmoja alimwambia aoshe mikono kwanza maana karatasi ya kura si sahani. Mzee mmoja alimsifia kucha. Foleni ilicheka, Mwalimu Ezekiel akamwomba mara tatu apunguze, akapunguza kwa dakika mbili mbili.

Saa nne ndipo alipofika Bibi Felista.

Alitokea upande wa mtoni, gauni limelowa mpaka magotini, na kichwani kabeba mkungu wa ndizi mbichi mrefu karibu sawa na yeye. Mkungu ule hakuja nao kuuza. Alisema watu wametoka mbali kuja kuwapigisha kura, haiwezekani washinde na njaa kwenye kijiji chenye migomba. Wakala mrefu akauliza kama sheria inaruhusu mpiga kura kuleta ndizi kituoni. Mwalimu Ezekiel akapekua kijitabu cha maelekezo mbele mpaka nyuma, hakukuta ndizi. Basi akaamua ziende jikoni kwa Pili, dada aliyekuwa anawapikia, na zitaliwa na vyama vyote kwa usawa.

Bibi Felista alikuwa wa ukoo mmoja na mama yake Jastin, kwa hiyo kwake ni bibi, na bibi na mjukuu huku mlimani ni watu wa kutaniana mpaka mgeni aone aibu. Tangu Jastin apande kwa mjomba, bibi huyu alikuwa hamuiti jina.

"Mume wangu," alisema, akijifuta uso kwa kitenge, "leo umependeza. Nipishe nikapige."

"Shikamoo, mchumba. Lete vidole kwanza, mapenzi baadaye."

Bibi akatoa mikono. Jastin akaikagua huku bado anatabasamu, halafu tabasamu likabaki lenyewe usoni bila mwenyewe. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa cheusi, kuanzia ukucha mpaka kifundo cha kati.

Bibi aliona anapotazama. Akasema huo ni utomvu, ameukata mkungu alfajiri na kuushika kwa mkono wa kushoto, mgomba umemlilia mkononi. Watu wawili watatu kwenye foleni wakasema ndiyo, utomvu huo. Hapo wakala mrefu akasimama. Akasema hao wanaosema ndiyo wote ni jamaa zake, na ng'ambo ya bonde kuna kituo kingine, nani anajua mama huyu ametokea wapi asubuhi yote. Wakala mfupi, ambaye tangu alfajiri hakuwa amekubaliana na mwenzake hata kuhusu hali ya hewa, akasema na yeye ana wasiwasi.

Mwalimu Ezekiel alifungua daftari la wapiga kura. Jina lilikuwepo, halijawekewa alama. Lakini yeye alikuwa mtu wa kutoka nchi kavu ya mbali, mgomba kauona ukubwani, na kati ya wino na utomvu hakuwa na la kusema. Akamgeukia mwenye mji wake.

"Jastin. Wewe ni mtoto wa huku, na semina umekaa. Hiki ni nini?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kweli. Sijui lilikuwa mojawapo, tena fupi. Lakini foleni nzima ilikuwa inamtazama, na Pili alikuwa ametoka jikoni na mwiko kusikiliza, na asubuhi ile ile alikuwa amesema maneno ya vidole na mikono.

"Utomvu naujua," alisema Jastin. "Huo ni wino."

Bibi Felista hakupiga kelele. Aliomba tu apewe mafuta ya taa kidogo ajipake mbele yao, waone. Jastin, ambaye sasa alikuwa ameshapanda na kushuka kunamwogopesha, akasema haiwezekani, mtuhumiwa hawezi kupewa nafasi ya kufuta ushahidi. Kidole hicho kuanzia sasa ni kielelezo. Neno lile lilimpendeza sana Afande Luqmani. Alitoa leso safi mfukoni akakifunga kielelezo vizuri, fundo kwa juu, na akaeleza kwamba gari la kuchukua sanduku la kura likija jioni, mama atashuka nalo mpaka Mkuyuni akaandike maelezo. Kadi yake ikabaki mezani.

"Uchaguzi ule mkubwa nilikuwa wodini na binti yangu," Bibi Felista alimwambia Jastin, taratibu, kama anamwelekeza njia. "Ule wa kabla yake mto ulijaa, nikasimama ng'ambo mpaka jua likazama. Leo nimevuka maji yakiwa magotini, mume wangu. Sawa."

Baridi ilikuwa bado kali, kwa hiyo afande alimruhusu akakae jikoni kwa Pili, kibanda cha mabanzi nyuma ya madarasa, penye moto. Jastin akaendelea kukagua vidole. Foleni haikucheka tena. Alijaribu utani mmoja kuhusu pete ya mtu, ukaanguka chini, hakuna aliyeuokota.

Saa sita alipewa zamu ya kula. Jikoni Bibi Felista alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wenye leso juu ya goti, anatazama moto. Jastin hakuweza kutazama upande ule, na asiyeweza kutazama upande mmoja hujishughulisha sana upande mwingine. Alimwambia Pili amwachie kisu, ndizi amenye yeye, mwanaume wa kisasa anajua jikoni. Pili akamwambia apake mafuta ya kula mikononi kwanza. Jastin akasema mafuta ni ya kukaangia samaki, si ya kukaangia makarani. Akamenya ndizi kumi na nne, za mkungu ule ule, kashikilia kwa kushoto na kukata kwa kulia, utomvu unamtiririka pembeni mwa kiganja, mweupe, mwepesi kama maji, akijifuta kwenye suruali na kupiga soga. Pili alikuwa anabana kicheko. Jastin alidhani anachekea soga.

Ndizi zikapikwa, vyama vyote vikala kwa usawa, wakala mfupi akarudia.

Ilipofika saa nane Jastin aliinua mkono kukuna shavu, akaona kidole.

Aliushusha mkono polepole akauficha chini ya meza. Akautazama tena. Utomvu umekauka, umeshika upepo, umegeuka. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa cheusi, kuanzia ukucha mpaka kifundo cha kati, pamoja na nusu ya jirani yake.

Na yeye alikuwa bado hajapiga kura. Alisema mwenyewe asubuhi, kwa sauti, kwamba atapiga wa mwisho, kama nahodha.

Kuanzia hapo alifanya kazi kwa mkono mmoja. Kushoto mfukoni, kulia anafungua chupa, kulia anashika mkono wa mtu, kulia anachovya, kulia anafunga. Mama mmoja alimuuliza kama ameumia. Wakala mrefu akaanza kumtazama ule mfuko kwa makini. Saa tisa kasorobo wapiga kura walipungua, Mwalimu Ezekiel akasema karani anaweza kujipigia sasa, na Jastin akasema ngoja kwanza, tumbo, hizi ndizi.

Alitoka mbio. Pili alikuwa anaosha vyombo nje. Jastin akamwomba mafuta ya taa ya kwenye kibatari. Ya nini? Ya siafu, wamejaa chooni. Pili akammiminia kwenye kifuniko.

Jastin akazunguka nyuma ya kibanda cha jiko, mahali ambapo hakuna dirisha la darasa, akachuchumaa ukutani kabisa. Akachovya kitambaa, akasugua kidole. Kwanza hakikubadilika kitu. Akasugua tena, huku anamwomba Mtakatifu Antoni wa vitu vilivyopotea, ingawa hapa hakikupotea kitu, bali kimepatikana mahali pabaya. Weusi ukaanza kulainika, ukageuka kahawia, ukahamia kwenye kitambaa. Ngozi ikatokea.

Alipumua. Halafu akashtuka, maana wazo la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. Je, kama hata wino nao unatoka kwa mafuta ya taa? Semina walijaribu sabuni na ndimu tu. Akavua kiatu, akavua soksi, akalisugua dole gumba la mguu kwa nguvu zake zote, ulimi nje. Akasugua mpaka dole likawa jekundu pembeni. Katikati palibaki peusi vile vile, kama kitako cha sufuria.

Basi wino hautoki na utomvu unatoka, na Bibi Felista alisema kweli tangu mwanzo.

Alikaa pale chini, mguu mmoja mtupu. Alikuwa msafi sasa. Angeweza kuvaa kiatu, kuingia, kupiga kura yake, kunyamaza. Jioni gari lingekuja na bibi angeshuka nalo, na habari ingeishia Mkuyuni mbele ya meza ya mtu asiyemjua. Alilipima hilo, tuseme ukweli, alilipima vizuri. Kisha akakumbuka lile gauni lililolowa mpaka magotini, na "sawa" aliyoambiwa, ambayo haikuwa na hasira ndani yake hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyomsumbua. Akatazama simu. Saa tisa na robo.

Jastin akavaa kiatu. Kusema atasema. Ila kusema kwake kulikuwa na namna yake.

"Mwalimu," alisema alipoingia, uso wa mtu aliyekesha maktaba, "nimekuwa nikilitafakari lile suala kitaalamu. Kuna jaribio."

Akaeleza kwamba wino wa uchaguzi kwa asili yake haukubali mafuta ya taa, na utomvu unakubali, na hapo hapo akaomba kituo kithibitishe. Akachukua mkono wa Afande Luqmani, ambaye alikuwa amepiga kura saa mbili. Kidole cha afande kikasuguliwa kwa mafuta, hakikubadilika. Mwalimu Ezekiel akapekua kijitabu, hakukuta mafuta ya taa kama alivyokosa ndizi. Akawauliza mawakala. Mrefu akamtazama mfupi, mara ya kwanza siku nzima, na mfupi akasema yeye hana pingamizi, ndizi zilikuwa nzuri.

Bibi Felista akaletwa. Afande akafungua fundo la leso mwenyewe. Jastin akachovya kitambaa, akakikamua, akakichovya tena, kwa sababu jaribio lililofaulu nyuma ya jiko halijui aibu, linaweza kukataa mbele za watu. Akasugua. Weusi ukalainika, ukawa kahawia, ukahama. Kidole cha Bibi Felista kikatokea, kimekunjamana, kisafi.

Mwalimu Ezekiel alishusha pumzi kama mtu anayetua gunia. Wakala mrefu akasema yeye alikuwa anatimiza wajibu tu, akampisha bibi kwa mkono wote, na mfupi akavuta benchi lisimkwaze. Bibi alipewa kadi yake, akapewa karatasi, akaingia nyuma ya kituturi, lile boksi la kupigia kura kwa siri. Alikaa humo muda mrefu. Alimpa nani, ni siri yake na ya kalamu iliyofungwa kwa uzi. Alitoka saa tisa na dakika arobaini, akaitumbukiza karatasi sandukuni, akapiga sanduku kofi dogo kama anavyopigwa mtoto aliyeshiba.

Jastin akamchovya kidole. Kile kile.

"Sasa huu ndio wino," bibi alimwambia, akikigeuza mwangani.

Jastin naye akapiga yake, mikono miwili nje ya mifuko. Saa kumi Mwalimu Ezekiel akafunga mlango. Kura zilihesabiwa bila ugomvi, mawakala wote wawili wakatia saini, matokeo yakabandikwa. Watu waliyasoma wakaanza kutawanyika, wengine wakabaki wakingoja gari la sanduku, maana jioni ilikuwa nzuri, ukungu umepanda wote, na mlima mzima ulikuwa kama umevuliwa koti. Afande alikuwa anafurahi kwamba gari litashuka na sanduku peke yake. Pili alileta chai. Bibi Felista alikaa ukingoni mwa baraza, kikombe mkononi, kidole kidogo kimenyooka nje kikiwa cheusi kihalali.

Hapo ndipo mdomo wa Jastin uliporudi kazini. Kama watu kumi na tano walimzunguka, na yeye akawaeleza jinsi mambo yalivyokwenda. Kwamba tangu alipokiona kile kidole asubuhi alijua moja kwa moja ni utomvu. Ila kazi ya serikali haitaki haraka, inataka utafiti. Kwamba alisema ni wino kwa makusudi, ili mawakala wasiseme karani anapendelea bibi yake. Kwamba alikaa mezani, hakuinuka, akafikiri, akafikiri, fomula yote ikaja kichwani, kemia ya kidato cha nne. Ni kichwa tu, alisema. Hakuhitaji hata kujaribu kwanza.

Watu walitikisa vichwa kwa heshima. Mwalimu Ezekiel mwenyewe alisema vijana wa siku hizi. Bibi Felista alikuwa anakunywa chai yake na kusikiliza mpaka mwisho, hakumkatisha, kama mtu anayemwachia mtoto amalize shairi. Alipomaliza, akatua kikombe.

"Mume wangu," alisema, "lile jiko la Pili ni la mabanzi, na mabanzi yana nafasi. Mimi nilikuwa nimekaa ndani, wewe nje, kati yetu hata hatua moja hakuna. Simulizi yako tamu, ila kuna mahali umeruka."

Jastin alitazama chini. Pili alikuwa ameshaziba mdomo kwa kanga.

"Waeleze na kiatu," alisema Bibi Felista. "Kiatu ulikivua cha nini?"